Mashine ya Ruta ya Kujiundia: Uteuzi wa Beringi (Sehemu ya Pili)

Baada ya sehemu ya kwanza kueleza uungaji wa fremu ya mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta, sehemu hii inahusu beringi, yaani vifaa vyenye gololi vinavyowezesha kitu kimoja kuzunguka au kuteleza juu ya kingine bila msuguano mkubwa. Wengi wanaojiundia mashine hii huuliza kwanza beringi itabeba uzito gani, ilhali uzito si tatizo lao. Beringi ndogo aina ya 608, ile ya viatu vya magurudumu, yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22, hustahimili zaidi ya kilo 100. Linaloharibu kazi ni ulegevu, kwa kuwa kisu kikiuma ubao husukumwa upande, na mwanya mdogo ulio kwenye beringi hukua unapofika kwenye ncha ya kisu inayoning'inia mbali na reli.

Ulegevu huo huenda usitoke kwenye beringi yenyewe bali kwenye kile inachopita juu yake. Fimbo ya chuma cha pua au cha kawaida yenye kipenyo cha milimita 16 na urefu wa mita 1, ikiegemezwa kwenye ncha zake tu, hupinda zaidi ya milimita 3 inapobebeshwa kilo 10 katikati. Ikifupishwa kuwa nusu mita, kupinda huko hupungua mara nane. Kwa sababu hiyo, beringi za mviringo zinazozunguka fimbo yote, mfano LM8UU, zinafaa kwa mwendo mfupi wa juu na chini, lakini mhimili mrefu unahitaji reli iliyoegemezwa urefu wote, kama SBR16 ambayo beringi yake ina mpasuko chini ili kupisha egemeo, au reli bapa ya HGR15, iliyo ngumu zaidi ingawa hudai kufungwa juu ya uso ulionyooka barabara.

Wapo wanaopitisha beringi za 608 moja kwa moja juu ya kona za alumini. Njia hiyo ni nafuu na hufanya kazi kwa muda, ila pete ya nje ni ya chuma kigumu, nayo huichimba alumini taratibu hadi daraja, yaani sehemu inayovuka meza ikiwa imebeba mota ya kuchongea, lianze kutikisika. Anayeichagua aweke bushi zenye tundu lisilo katikati, ambazo zikizungushwa husogeza beringi karibu na reli na kuondoa mwanya.

Mahali panaposahauliwa zaidi ni ncha za skrubu inayosukuma daraja. Hapo nguvu haiji kutoka ubavuni bali hufuata urefu wa skrubu, kwenda na kurudi, na beringi ya kawaida, ambayo ndani yake gololi zimeachiwa nafasi kidogo, huruhusu skrubu icheze kila mwendo unapogeuka. Dawa yake ni beringi mbili za mshazari, yaani zile ambazo gololi zake hugusa pete kwa pembe, zikipangwa kwa kuelekeana kinyume na kubanwa kwa nati hadi nafasi hiyo iishe. Hufungwa upande mmoja tu. Upande wa pili huwekwa beringi ya kawaida iliyo huru kusogea, kwa kuwa skrubu ya chuma ya mita 1 hurefuka takriban milimita 0.12 joto likipanda nyuzi 10.

Wakati wa kununua, maandishi ya ubavuni yasomwe. 2RS huonyesha vifuniko vya mpira pande zote mbili, navyo huzuia vumbi la mbao vizuri kuliko vile vya bati vya ZZ. C3 huonyesha nafasi ya ndani iliyoongezwa makusudi kwa ajili ya mitambo inayopata joto, hivyo beringi hiyo haifai hapa. Mwenye fedha chache azitumie kwanza kwenye reli za mhimili mrefu na kwenye beringi za mshazari za skrubu, kisha ndipo afikirie mota kubwa zaidi.