Kipanga Huzaliwa au Hutengenezwa?

Kila darasa lina kipanga wake na kilaza wake. Na kila mtaa una mtu wa kusema: "Yule kamrithi baba yake, ukoo mzima ni vichwa!" Je, ni kweli akili hurithiwa kama pua?

Wataalamu waliotaka jibu waliwaendea mapacha wa kufanana, wale wa yai moja, maana hao vinasaba vyao ni vile vile. Ukiwapata waliotenganishwa utotoni, kila mmoja akakulia nyumba yake, halafu akili zao zikafanana, basi kidole kinaelekea kwenye damu.

Wachache, lakini wapo. Huko Ohio, Marekani, mapacha wawili walichukuliwa na wazazi tofauti wakiwa vichanga. Wakaja kukutana mwaka 1979, wakiwa na miaka 39. Loo! Wote wanaitwa Jim, wote walioa Linda wakaachana, kisha wote wakaoa Betty! Profesa Thomas Bouchard wa Chuo Kikuu cha Minnesota akawaita awapime, na baada ya hapo akakusanya wengine wa aina hiyo. Mwaka 1990 yeye na wenzake wakatangaza kuwa kiasi cha asilimia 70 ya tofauti za akili, kwa kipimo cha IQ, zinaendana na vinasaba.

Sasa kilaza ndio akate tamaa? Subiri kwanza, mshikaji. Asilimia 70 hiyo inahusu tofauti baina ya watu wa kundi lile. Haina maana kwamba kichwani mwako sehemu saba ni za baba na tatu za mwalimu. Tena Bouchard na wenzake walisema wenyewe kuwa wachache mno kati ya mapacha wao walilelewa kwenye ufukara.

Mwaka 2003 Eric Turkheimer na wenzake wakachungulia huko huko kwenye ufukara. Walitazama mapacha wa Kimarekani wa miaka 7. Kwa watoto wa wenye nazo, vinasaba vilitamba. Kwa watoto wa makapuku, vinasaba karibu havikuonekana. Tofauti nyingi zilitoka kwenye nyumba walizolelewa. Na uchambuzi wa mwaka 2016 ukaonyesha kuwa pengo hilo lipo Marekani, lakini Ulaya Magharibi na Australia halikuonekana.

Kwa hiyo akitokea mtu kukwambia "kwenu hamna akili," muulize: huyo unayempima alipata chakula, daftari na taa ya kusomea? Kama hakupata, atajuaje damu yake ina nini?