Mnana wa Matete, Kwale wa Sufuriani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu umelala juu ya Mto Kilombero na Daraja la Magufuli linaonekana nusunusu. Kabla halijafunguliwa mwaka 2018, magari yalipanga foleni hapa kusubiri pantoni. Wapenzi wa ndege hawakulalamikia foleni hiyo, maana matete ya kivukoni ndiyo hasa waliyoyafuata.

Mvuvi anayenipeleka kwa mtumbwi ametupia jicho darubini iliyoning'inia kifuani mwangu. "Kaka, umetoka Dar kuja kutazama mnana? Hao si ndio tunaowafukuza mpungani?"

Ana haki ya kucheka. Mnana wamejaa nchi nzima. Lakini huyu wa Kilombero hana kwao kwingine duniani ila bonde hili, na wanasayansi walimpa jina mwaka 1990, juzi tu.

Tunamkuta kwenye bua linaloyumba: dume, njano iliyoiva, uso mweusi kama aliyechungulia ndani ya chungu cha masizi. Anang'ata ukingo wa jani la tete, anaruka nalo, na uzi mrefu wa kijani unachanika nyuma yake. Anarudi, anaupitisha, anauvuta kwa mdomo, anafunga. Furukombe analia ng'ambo ya mto, fundi hageuki.

Kaskazini-magharibi milima ya Udzungwa imeanza kuvua ukungu. Huko juu yuko kwale ambaye kumfikia ni kutembea siku kadhaa na mahema mgongoni, nami magoti yangu yamekwishakataa. Kisa chake ndicho nikipendacho kuliko vyote. Mwaka 1991 watafiti wa Denmark wakiwa kambini humo waliona miguu ya ajabu ndani ya sufuria ya mchuzi. Haikuwa ya kuku. Mwaka 1994 mwenye miguu hiyo akatangazwa kuwa jamii mpya kabisa, na ndugu zake wa karibu wako Asia. Vitabu husema "aligunduliwa". Mimi nauliza: aliyemtega akampika, yeye hakuwa amemgundua?

Bonde la Kilombero limo katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2002, lakini mpunga hausomi mikataba. Wakulima wanashuka na maji. Yanapopungua, matete yanachomwa na jembe linaingia. Siwalaumu kirahisi, kwani wali wa Ifakara nimeula jana usiku, nikaongeza sahani ya pili.

Tukirudi, mvuvi anaelekeza pondo lake kwenye kipande cheusi cha ukingo, visiki vya matete vimesimama kama mswaki uliochakaa. Miche michanga inaanza kuchomoza katikati yake.

"Mwaka jana viota vilikuwa hapa. Vingi, kaka."

Namuuliza shamba ni la nani.

"La shemeji yangu," anasema, na kuendelea kusukuma.