Inaruka kwa Sababu Imefungwa

Upepo wa kusi ukishakolea, mwezi wa Julai hivi, anga ya ufuo wa Galu, kusini mwa Diani, huwa na vitu vya aina mbili vinavyoelea. Kuna tiara za watoto: chelewa mbili za mnazi zilizofungwa msalaba, gazeti la juzi, mkia wa matambara na uzi wa kushonea uliozungushwa kwenye kijiti. Kabla ya Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya madukani, mfuko huo ndio uliokuwa ukipasuliwa na kutandazwa badala ya gazeti, maana hauchaniki ovyo wala haulowi. Halafu kuna kaiti za wanaoteleza juu ya maji kwa ubao, vitambaa vya mita za mraba 9 au 12 ambavyo bei yake ingenunua ng'ombe wawili. Zote mbili zinapaa kwa fizikia ileile.

Wengi hudhani uzi upo ili tiara isipotee. Ukikatika ndipo ukweli unapojitokeza: tiara haikimbilii mawinguni, bali inayumba, inalala na kuangukia minazini. Iliyoachiliwa husafiri pamoja na hewa, na kitu kinachokwenda pamoja na hewa hakipigwi na upepo. Mkono ulioshika uzi ndio unaoilazimisha ibaki nyuma, hewa iipite juu na chini, na mpito huo ndio unaozaa nguvu ya kuinua. Ngalawa nayo isingeweza kubisha dhidi ya upepo kama tanga lake lisingeshikwa kwa kamba.

Fundi wa tiara humjua mwenzake kwa hatamu. Uzi mkuu haufungwi kwenye makutano ya chelewa. Hufungwa kwenye vijiuzi viwili au vitatu vinavyotoka sehemu mbalimbali za fremu na kukutana mbele yake. Kifundo hicho kikisogezwa juu kwa upana wa kidole, kichwa cha tiara huinamia upepo, nayo hupanda vizuri huku ikivuta kwa upole. Kikishushwa kwa kiasi hichohicho, tiara huukabili upepo kwa kifua kizima: mkono unavutwa kwelikweli, lakini tiara haipandi, na mara huanza kuzunguka na kuja chini kwa kichwa. Kinachobadilika ni pembe kati ya bawa na upepo. Kwa bawa la kawaida la ndege, pembe hiyo ikipita digrii 15 hivi, hewa hubanduka kwenye mgongo wa bawa na nguvu ya kuinua hupotea ghafla. Mtoto wa darasa la tatu anayesogeza kifundo, kutazama, kisha kukisogeza tena, anafanya jaribio halali la sayansi, hata kama hakuna anayempa alama.

Ndege yenyewe ilizaliwa kwenye kamba. Mwaka 1899, mjini Dayton katika jimbo la Ohio, Wilbur Wright alitengeneza tiara yenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, upana wake mita 1.5. Aliifunga kamba nne zilizoishia kwenye vijiti viwili, kimoja kila mkono. Alipovilaza vijiti kinyume, ncha za mabawa zilijipinda, na tiara ikainama upande alioutaka. Desemba 1903 yeye na ndugu yake waliruka kwa injini, na ndege yao ilidhibitiwa kwa mbinu hiyohiyo ya kupinda mabawa.

Kamba nne ndizo zinazotumika Galu leo. Umbo la kaiti linatokana na kazi ya ndugu wengine wawili, Bruno na Dominique Legaignoux wa Brittany, Ufaransa, walioomba hataza mwaka 1984. Wazo lao lilikuwa mirija ya hewa kwenye ukingo wa mbele na kwenye mbavu, ili kitambaa kikianguka majini kielee na kuweza kurushwa tena. Ilipita zaidi ya miaka kumi kabla soko halijawaelewa. Mwaka 2024 mchezo wa kuteleza kwa kaiti ulikuwa kwenye Olimpiki ya Paris, mbio zake zikifanyika Marseille.

Mwalimu wa Galu huanzia mchangani. Mirija hujazwa kwa pampu ya mkono hadi ikipigwa kofi ilie kama ngoma. Kamba zenye urefu wa mita 20 na ushei hutandazwa, na vidole hupita katikati yake hatua kwa hatua kuhakikisha hakuna iliyovuka nyingine, kwa sababu kamba mbili zikibadilishana nafasi, kaiti hugeuka upande usiotakiwa na mtu huburutwa. Mbili za mbele hufungwa kwenye mkanda wa kiunoni na kubeba sehemu kubwa ya mzigo. Mbili za nyuma huishia kwenye ncha za mpini. Mpini ukivutwa, ukingo wa nyuma hushuka na kaiti hupata nguvu. Ukisukumwa mbali, kichwa huinamia upepo na nguvu hupungua. Ni kifundo cha hatamu kilekile cha mtoto, isipokuwa hiki husogezwa kaiti ikiwa angani.

Wanaoanza hushtushwa zaidi na hesabu ya kasi. Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nne. Kwa upepo wa kilomita 25 kwa saa, kaiti ya mita za mraba 12 iliyotulia huvuta kiasi cha kilo 30. Ikifagiliwa angani kiasi kwamba hewa inayoipiga inakwenda kasi maradufu, mvuto hukaribia kilo 120, na mtu mzima huondoka majini.

Miles Loyd, mhandisi wa Marekani, aliiona faida ya jambo hilo mwaka 1980, alipoandika hesabu zinazoonyesha kwamba bawa lililofungwa kamba na kuzungushwa mbele ya upepo linaweza kuzalisha umeme mwingi. Makani, kampuni iliyokuwa chini ya Alphabet, ilitengeneza bawa la mita 26 na kulijaribu baharini Norway mwaka 2019, lakini mradi ukafungwa mwaka uliofuata. SkySails ya Ujerumani ilikuja karibu zaidi na kwetu: mtambo wake ulipelekwa Mauritius, kwenye bahari hiihii inayotuletea kusi.

Diani imebahatika kwa umbo. Mwamba wa matumbawe, mamia ya mita kutoka ufuoni, huvunja mawimbi na kuacha maji tulivu ndani yake. Kusi na kaskazi, kila moja kwa msimu wake, huupiga ufuo kwa mshazari, kwa hiyo aliyeangusha kaiti husukumwa pwani badala ya kupelekwa bahari kuu. Kinachobaki ni kuangalia maji. Wakati wa bamvua bahari hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakipwa sana, eneo lote la ndani ya mwamba hugeuka nyasi na mawe.

Kisha huja tanga mbili, kipindi ambacho pepo hubadilishana zamu, na kaiti hukunjwa. Hapo ndipo kamba inapohitaji injini.

Marekani, katika miaka ya 1930, Oba St. Clair wa Oregon alirusha ndege ndogo ya mfano iliyofungwa kamba. Jim Walker wa Portland aliueneza mchezo huo katika miaka ya 1940 kwa kuuza ndege za kujiundia, akadai hataza ni yake, hadi mahakama ilipoitupa mwaka 1955 kwa kuwa St. Clair alimtangulia. Utaratibu wake ni mwepesi ajabu. Rubani husimama katikati ya duara akishika mpini wenye nyaya mbili nyembamba za chuma. Ndani ya ndege, nyaya hizo hufungwa kwenye kipande cha pembetatu kinachocheza kwenye parafujo, nacho husukuma kijiti hadi kwenye kibapa cha mkiani. Mkono ukipindwa juu, ndege inapanda. Ukipindwa chini, inashuka. Haina redio.

Katika mashindano ya kimataifa ya mizunguko na sarakasi, waya haupiti mita 21.5. Tuchukue ndege ya kilo 1.7 ikienda kilomita 80 kwa saa kwenye waya wa mita 20. Inamaliza duara kwa sekunde zisizofika 6 na kuuvuta mkono kwa kilo 4 hivi. Hatari iko utosini mwa rubani, ambako uzito wa ndege humwelekea yeye na kulegeza waya. Kasi ikishuka chini ya kilomita 50 kwa saa pale juu, waya huelekea kulegea, na waya uliolegea hauongozi kitu. Ndiyo maana mafundi huelekeza injini nje kidogo ya duara na kutia risasi kwenye ncha ya bawa la nje.

Mabawa hutengenezwa kwa balsa, mti mwepesi unaotoka zaidi Ecuador. Injini za zamani hunywa methanoli iliyochanganywa na mafuta ya mbarika, yanayostahimili joto kali.

Kwale, kaunti ya Diani, ingeufaa mchezo huu. Duara lote huingia ndani ya upana wa kiwanja cha mpira, na Msambweni haikosi viwanja vya shule. Ufuo wenyewe haufai: mchanga hula injini na chumvi hula waya. Mota ya umeme yenye kipima muda ingekuwa bora, betri ikichajiwa nyumbani na kutosha kwa dakika chache za sarakasi. Jambo la kukaguliwa kabla ya yote ni nyaya za stima pembeni mwa uwanja, kwani waya wa chuma ukizigusa, umeme hushuka moja kwa moja hadi mkononi.