GARI LINALOTETEMEKA LIKISIMAMA: JINSI YA KUTAFUTA KOSA NYUMBANI

Wakulima wengi wa Dodoma, Kongwa, Mpwapwa na Bahi hupeleka alizeti, karanga na zabibu sokoni kwa gari dogo la petroli, ama lao wenyewe ama la jirani. Gari hilo likianza kutetemeka kila lisimamapo, watu hufanya moja katika mambo mawili. Wengine hulipuuza kosa, kwa kuwa gari bado laenda. Wengine hununua plagi, kisha koili, kisha pampu, kitu kimoja baada ya kingine, hata fedha ya mbegu ikaisha na gari likawa bado latetemeka. Njia zote mbili ni hasara. Yafaa mkulima atafute kosa kwa utaratibu kabla ya kutoa shilingi.

Maana ya kosa hili

Injini ikiwaka bila mguu kukanyaga mafuta, mafundi husema iko sailensi. Injini nyingi ndogo wakati huo huzunguka mara 600 hadi 900 kwa dakika. Katika mwendo huo mdogo haina nguvu ya akiba. Kwa hiyo upungufu mdogo huonekana mara moja, ijapokuwa barabarani hausikiki. Injini yahitaji hewa safi kwa kipimo chake, cheche yenye nguvu, na petroli safi. Kimoja kikipungua, silinda moja au zaidi hukosa kuwaka, na gari hutetemeka.

Tahadhari

Fanya kazi hii nje, wala si ndani ya banda, kwa sababu moshi wa injini una hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua. Weka gari mahali pasipo majani makavu, vuta breki ya mkono, na uzuie magurudumu kwa mawe. Usivute sigara. Nguo na mikono viwe mbali na feni na mikanda.

Kwanza: sikiliza

Simama nyuma ya gari uweke kiganja karibu na mdomo wa bomba la moshi, bila kuligusa. Kama moshi watoka kwa pumzi zilizo sawa, kisha pumzi moja hupotea, na hupotea tena kwa mpango ule ule, yaelekea silinda moja ina kosa: anza na plagi. Kama pumzi zinayumba bila mpango wowote, kosa huenda likawa katika hewa au petroli inayogawiwa silinda zote. Kama pumzi ni sawa kabisa na mngurumo ni mtulivu, lakini mwili wa gari watetemeka, tazama mipira inayobeba injini. Mpira uliopasuka hupitisha mtikiso wote, ingawa injini yenyewe ni nzima.

Pili: hewa na vumbi

Katika nchi yetu hili ndilo la kushukiwa kwanza, hasa kuanzia Juni hata mvua zinaponyesha. Toa kichujio cha hewa ukielekeze kwenye jua. Kama mwanga haupenyi, kikung'ute taratibu. Kama bado haupenyi, kinunuliwe kingine. Kichujio cha karatasi kisioshwe kwa maji wala kwa petroli. Wala usiendeshe gari bila kichujio, hata safari fupi: vumbi litasaga pete za pistoni na kuta za silinda kama jiwe lisagavyo mtama, na kosa la kichujio litakuwa kosa la injini nzima.

Kisha tazama mipira ya hewa iliyo kati ya kichujio na injini, na ile myembamba inayotoka penye injini. Joto na ukavu huipasua. Mtu anywaye uji kwa mrija uliotoboka hupata hewa zaidi ya uji. Ndivyo injini inavyodanganywa na hewa ya wizi. Injini ikiwaka, nyunyiza maji kidogo juu ya mpira unaoushuku, mbali na nyaya za umeme. Mlio ukibadilika, umepata tundu. Usinyunyize petroli kamwe.

Liko jambo jingine kwa magari ya zamani yenye kabureta. Mji wa Dodoma uko kadiri ya mita 1,100 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa kadiri ya sehemu moja katika kumi. Kabureta iliyorekebishwa pwani huipa injini petroli nyingi kupita kiasi ifikapo huku. Dawa yake ni kuirekebisha upya.

Tatu: plagi na koili

Zima injini uiache ipoe. Toa plagi moja moja, na uzipange chini kwa utaratibu wa silinda zake. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Nyeusi na kavu kama masizi: petroli ni nyingi au hewa ni haba. Nyeusi yenye mafuta: oili yaingia ndani ya silinda. Nyeupe iliyochomeka: kuna joto jingi, au hewa imezidi petroli.

Kama gari lina koili kwa kila silinda, badilishana koili ya silinda unayoishuku na ya jirani yake, injini ikiwa imezimwa. Kosa likihama pamoja na koili, hiyo ndiyo mbovu. Usichomoe koili wala waya wa plagi injini ikiwaka, maana umeme wake ni mkali sana.

Nne: petroli

Petroli iliyonunuliwa kwa chupa kando ya njia huenda ikawa na maji au uchafu. Tia kidogo katika chupa ya kioo, uiache itulie. Maji hukaa chini, petroli juu.

Mambo ya fundi

Gari likitoa moshi wa buluu, au maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanapovujia, mpelekee fundi apime silinda. Taa ya njano ya injini ikiwaka, kifaa cha fundi husoma alama ya kosa. Lakini alama huonyesha mahali pa kutazama tu, si kitu cha kununua. Taa hiyo ikimetameta, simamisha gari. Petroli isiyoungua yaingia katika bomba la moshi na kulitia joto kali, ambalo laweza kuwasha majani makavu chini ya gari na kuteketeza shamba.

Mfano wa Kongwa

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga huko Kongwa. Walileta matrekta kwa wingi, mengi yakiwa makuukuu. Udongo ule mgumu, wenye chembe kali, ulikula vyuma upesi, na mashine nyingi zikakaa bure zikingoja vipuri na mafundi. Mwaka 1951 mradi uliachwa. Sababu zilikuwa nyingi, na ukame mmojawapo. Lakini ilionekana wazi kwamba wingi wa mashine si kitu pasipo matunzo.

Basi ukumbuke haya: anza na kisicho na gharama, badili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, kisha usikilize tena, na ukague kichujio kila mwezi wakati wa kiangazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.