BAKORA YA PEREMENDE: MCHEZO UNAOFUNDISHA VIDOLE



Mwezi wa Desemba, katika baadhi ya maduka ya mjini, huuzwa peremende ndefu iliyopinda kichwa kama bakora ya mzee. Ina mistari myekundu na myeupe inayoizunguka toka juu mpaka chini. Pengine umeiona ukajiuliza, "Hii nayo ni nini?"

Hii ni peremende ya Krismasi, na imezoeleka sana huko Marekani. Watu huitundika kwenye mti wa Krismasi, na watoto huila. Lakini haiishii mtini wala mdomoni. Walimu wengi wa chekechea wa nchi hiyo hutumia umbo lake na rangi zake kuwafundisha watoto wadogo, wa miaka 3 hadi 5. Leo tutaeleza wanavyofanya. Tutaona pia kwamba jambo hilo linatuhusu hata sisi tusioila peremende yenyewe.

INATENGENEZWAJE?

Sukari, maji na sharubati ya mahindi huchemshwa mpaka ziwe nzito. Zikipoa kidogo, bonge lile huvutwa na kukunjwa, huvutwa na kukunjwa tena. Hewa inayoingia ndani ndiyo inayolifanya liwe jeupe. Hutiwa pia mafuta ya mnanaa, ndiyo maana ukiimumunya unasikia ubaridi mdomoni. Kisha vipande vyekundu hubandikwa juu ya bonge jeupe, na lote husokotwa na kuvutwa mpaka liwe fimbo nyembamba. Kabla haijawa ngumu, kichwa hupindwa.

Zamani kupinda huko kulikuwa kazi ya mikono. Katika mji wa Albany, jimbo la Georgia, Bwana Bob McCormack alianza biashara ya peremende mwaka 1919. Wafanyakazi walipinda bakora moja moja, na nyingi zilivunjika. Katika miaka ya 1950 shemeji yake, padri Gregory Keller, alibuni mashine ya kufanya kazi hiyo. Basi, kiwandani mashine imeipokea kazi ya mikono. Lakini darasani kazi bado ni ya vidole vya watoto.

BAKORA YA SHANGA

Mwalimu humpa kila mtoto kipande cha waya laini, urefu wa kama sentimita 15, na shanga nyekundu na nyeupe. Mtoto hutunga shanga moja nyekundu, moja nyeupe, moja nyekundu, moja nyeupe. Waya ukijaa, mwalimu hukunja ncha zake ili zisichome, na mtoto mwenyewe hupinda kichwa. Bakora imekwisha.

Mtu anaweza kusema, "Ah, huo si mchezo tu!" Ni mchezo, lakini tuutazame vizuri. Mtoto ameshika ushanga kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Vidole hivyo hivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu kesho. Halafu mwalimu anamwuliza, "Baada ya nyekundu inafuata ipi?" Mtoto anafikiri, anajibu. Akizoea, mwalimu anabadili mpango: nyekundu mbili, nyeupe moja. Hapo mtoto anajifunza utaratibu na kuhesabu, na bado hajafungua daftari.

Wasomaji wetu wengi mnajua uzito wa jambo hili. Mlipoanza kisomo ukubwani, akili ilikuwepo, ila vidole vilivyozoea jembe na mwiko vilikataa kalamu. Mtoto anayefika darasa la kwanza bila kuzoeza vidole hupata taabu kama ile. Wenzake wakiandika, yeye bado anapigana na penseli. Akichekwa, anaweza kuanza kuichukia shule. Kumzoeza mapema hakuhitaji fedha nyingi.

BAKORA YA UNGA, NA YETU YA UDONGO

Mchezo wa pili ni wa kufinyanga. Huko Marekani huchanganya vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi na kikombe 1 cha maji. Donge hilo hugawanywa mara mbili. Moja hutiwa rangi nyekundu, jingine huachwa jeupe. Mtoto hufanya kamba mbili, huzisokota pamoja, hupinda kichwa, kisha huziacha zikauke kwa siku kadhaa. Donge hilo haliliwi, maana lina chumvi nyingi mno.

Lakini sisi tunasema: unga ni chakula. Nyumba yenye unga wa kubahatisha isiuchezee. Udongo wa mfinyanzi unafaa vile vile, tena ni wa bure. Palipo na udongo mwekundu na mweupe, rangi zimekwisha patikana. Uponde vizuri, toa mawe, mpe mtoto.

Na kusokota rangi mbili si jambo geni kwetu. Akina mama wa pwani hutia miyaa rangi, wakasuka ukili, kisha wakashona mkeka. Mkono unapishanisha, jicho linahesabu. Mtoto akipewa miyaa miwili mitatu akae karibu na bibi yake, anapata somo lile lile wanalopata watoto wa Marekani kwa karatasi nyekundu na nyeupe.

MAJI YA BARIDI NA MAJI YA VUGUVUGU

Mchezo wa tatu ni wa kuchunguza. Mwalimu huweka glasi mbili, moja ina maji ya baridi, nyingine maji ya vuguvugu. Hutia kipande cha peremende katika kila glasi. Kabla ya kutia huwauliza watoto, "Mnadhani ipi itayeyuka kwanza?" Kila mtoto hutoa wazo lake, kisha wote hutazama.

Ya maji ya vuguvugu hutangulia. Watoto huona pia rangi nyekundu ikitoka mapema, kwa sababu mistari iko juu juu. Kwetu, vijiko viwili vya sukari vinatosha kwa jaribio hili, na maji yenyewe yanaweza kunywewa baadaye kama ni safi. Jambo kubwa hapa ni kuuliza kwanza, kutazama, kisha kusema ulichokiona. Maji yasiwe ya moto wa kuunguza.

HERUFI J

Igeuze bakora kichwa chini, miguu juu. Unaona nini? Ni herufi J. Wako wanaosema eti peremende hii iliundwa hivyo kwa sababu jina la Yesu kwa Kiingereza huanza na J. Wengine husema ni fimbo ya mchungaji. Hayo ni maelezo ambayo watu wameyapenda, lakini si ushahidi wa namna ilivyoanza. Kwa mwalimu, hata hivyo, umbo hilo ni msaada. Mtoto huchora J kwa kidole mchangani, akataja jembe, jogoo, jiwe, jina. Akikosea anafuta kwa kiganja na kuanza tena. Daftari hilo la mchanga halijai.

TAHADHARI

Peremende ngumu inaweza kumkaba mtoto mdogo. Madaktari wa watoto wa Marekani hushauri kwamba mtoto asiyefika miaka 4 asipewe kabisa. Shanga nazo humezwa, na nyingine huingizwa puani au masikioni. Usimwachie mtoto mchanga, na ukae karibu wakati wakubwa wake wakitunga.

Kuna hatari nyingine isiyofikiriwa. Mtoto akimumunya bakora upande mmoja, huchongoka ikawa kama msumari. Asikimbie nayo mdomoni. Tena ni sukari tupu, na sukari inayokaa mdomoni muda mrefu huoza meno. Akila, asukutue kwa maji, na jioni apige mswaki.

TUANZIE WAPI?

Hatusemi mnunue peremende. Tafuteni mbegu za rangi mbili zisizo na sumu, au vizibo vya soda na vijiti. Mpe mtoto avipange kwa zamu mstari mmoja chini, kisha apinde kichwa cha mstari kama bakora. Usimnyang'anye umpangie wewe, hata kama mstari wake umekwenda upogo. Mkono unaojifunza ni ule unaofanya.

Dakika kumi jioni, ugali ukiwa jikoni, zinatosha. Baba naye anaweza. Kazi hii si ya mama peke yake. Mwulize mtoto, "Inafuata ipi?" Halafu nyamaza, umngoje ajibu mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kutunga shanga kunamsaidiaje mtoto atakayeanza kuandika?
2. Katika kijiji chenu kuna vitu gani vya bure vinavyofaa kwa michezo hii?
3. Kwa nini mtoto mdogo sana asipewe peremende ngumu wala shanga?