Fahamu: Somo la muziki linamwandaaje mwanafunzi kwa chuo kikuu?

Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya wa Kenya waliingia Gredi ya 10, kila mmoja katika mojawapo ya mikondo mitatu. Mkondo wa sanaa na michezo, unaobeba muziki, bado wazazi wengi wanauona kimbilio la waliolemewa na hesabu. Dhana hiyo haimtendei mtoto haki.

Tazama mtihani wa muziki wa KCSE, yaani mtihani wa kumaliza sekondari katika mtaala wa zamani. Una karatasi tatu: utendaji, usikivu, kisha historia na uchanganuzi. Katika usikivu, mtahiniwa husikia melodia na kuiandika kwa nota, akihesabu mapigo huku akishika kichwani sauti iliyokwisha kupita. Aliyezoea kazi hiyo anaweza kumfuata mhadhiri saa nzima bila kupotea. Nao utendaji haukubali kukesha usiku mmoja. Unataka mazoezi ya miezi. Chuoni, ambako hakuna kengele wala mwalimu wa zamu, nidhamu hiyo ndiyo inayowapungukia wengi.

Utafiti wa 2019 kuhusu wanafunzi zaidi ya 110,000 wa British Columbia, Kanada, ulionyesha waliosoma muziki, hasa wapiga ala, wakipata alama bora katika hesabu, sayansi na Kiingereza. Hilo halithibitishi kwamba muziki pekee ndio uliowainua, lakini hakuna dalili kwamba uliwarudisha nyuma.

Piano ni ghali, kweli. Hata hivyo ala za Kiafrika nazo zimo katika somo hili, na mpigaji nyatiti wa kijijini anaweza kualikwa darasani.