Saa za Kazi Mpakani: Zamu Si Ulegevu

Askari anayelinda mpaka wa Vurra anajua jambo ambalo wakazi wengi wa Kampala hawalijui, nalo ni kwamba saa za pande mbili za mpaka huo hazilingani. Inapotimia saa mbili asubuhi upande wa Uganda, ng'ambo, katika eneo la Aru la Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni saa moja tu. Hali ni hiyo hiyo huko Oraba, wilayani Koboko, tangu tarehe 1 Februari 2021, Sudan Kusini ilipoamua kurudisha saa zake nyuma kwa saa moja.

Tofauti hiyo ya saa moja si jambo dogo. Ofisi ya Uganda inayofunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni humngojea mwenzake wa Kongo asubuhi, na jioni humwacha bado yuko kazini. Lori lililokosa karatasi moja saa kumi na moja jioni hulala barabarani. Dereva hulala chini ya lori, mwenye mali hupata hasara, na askari wa doria huongezewa mzigo wa kulinda bidhaa ambazo zingekuwa zimekwisha kuvuka.

Kwa sababu hiyo, suala la saa za kazi zinazobadilika, na la mfanyakazi kutekeleza kazi yake mbali na ofisi, si anasa ya miji mikubwa ya Ulaya. Linaihusu moja kwa moja kampuni ndogo ya wakala wa forodha yenye makarani wanne au watano kando ya barabara ya Vurra, Arua, Koboko na Oraba.

Utaratibu wenyewe una historia. Mwaka 1967, kiwanda cha ndege huko Ottobrunn, karibu na jiji la München nchini Ujerumani, kilichoshwa na msongamano wa magari ya wafanyakazi waliofika langoni wote kwa wakati mmoja. Kiwanda kikaamua kwamba kila mfanyakazi achague saa ya kuingia na ya kutoka, mradi atimize saa zake, na awepo kazini katika saa fulani za katikati ya siku. Mwaka 1973, mhandisi wa Marekani, Jack Nilles, akaeleza jinsi kazi ya ofisi inavyoweza kupelekwa kwa mfanyakazi kwa njia ya simu, badala ya mfanyakazi kusafiri kila siku kuifuata.

Wako wanaodhani kwamba utaratibu huo ni ulegevu. Askari ndiye wa kwanza kuweza kuwasahihisha. Katika kituo cha polisi na katika kambi, watu wote hawaingii kazini kwa pamoja wala kutoka kwa pamoja, lakini lindo haliachwi wazi hata dakika moja. Kinacholinda nidhamu ni kitabu cha zamu: nani anaingia, nani anatoka, na nani amekabidhi nini kwa nani.

Kampuni ndogo ya mpakani inaweza kufuata mfano huo. Karani wa kwanza aingie saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni. Wa pili aingie saa tatu na kutoka saa kumi na mbili, kila mmoja akiwa na saa moja ya chakula. Wote wawili wamefanya kazi saa nane, wala hakuna aliyeonewa, na ofisi imebaki wazi sambamba na ofisi za ng'ambo. Kuanzia saa nne hadi saa tisa wote wawe kazini, ili mambo yanayohitaji shauri la pamoja yamalizwe wakati huo.

Kuhusu kazi ya mbali, hapana budi kutenganisha aina mbili za shughuli. Hati za forodha siku hizi huandikwa kwa kompyuta na kupelekwa kwa intaneti katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato ya Uganda uitwao ASYCUDA World. Tangu mwaka 2014, chini ya utaratibu wa Himaya Moja ya Forodha ya Afrika Mashariki, ushuru wa bidhaa nyingi zinazoletwa Uganda hulipwa kabla mzigo haujatoka bandarini Mombasa. Karani anayeandaa hati hizo anaweza kuwa Arua mjini, Koboko au hata Mbarara. Lakini kufungua lori kwa ukaguzi, kuhesabu magunia na kutazama lakiri ni kazi za mtu aliyesimama pale pale.

Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka, na meneja mwenye shaka hushika msemo huo. Ni kweli kwamba mkaguzi wa lori hawezi kukaa nyumbani. Ama karani wa hati, kazi yake huacha alama: kila hati ina namba yake, tarehe yake na saa iliyopelekwa. Meneja akihesabu hati zilizokamilika na zilizorudishwa kwa makosa, atamjua mvivu haraka kuliko yule anayehesabu viti vilivyokaliwa.

Kwa muda mrefu kikwazo kikubwa cha West Nile kilikuwa umeme. Mkoa huu ulikuwa nje ya gridi ya taifa, ukitegemea mashine za dizeli na, tangu mwaka 2012, bwawa la Nyagak wilayani Zombo lenye uwezo wa megawati 3.5. Wenye ofisi walijifunza kufuata saa za umeme badala ya saa za ukutani. Mwaka 2024 mkoa uliunganishwa na gridi ya taifa, na kikwazo hicho kikapungua. Kabla ya hapo, janga la korona lilikwisha kutoa funzo jingine. Kuanzia Machi 2020, abiria walipokatazwa kuvuka mpaka na askari wakasimamia amri ya kutotoka nje usiku, malori ya mizigo yaliruhusiwa kuendelea. Ofisi zilizojua kufanya kazi kwa simu na kompyuta hazikusimama.

Hata hivyo, saa zinazobadilika zisigeuzwe kuwa saa zisizo na mwisho. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 imeweka kikomo cha kawaida cha saa 48 kwa juma, na inataka malipo ya ziada, yasiyopungua mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, kwa kazi inayozidi kiwango. Pia inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya maandishi, yakitaja mahali pa kazi na saa zake. Karani anayepigiwa simu saa nne usiku kuandaa hati yuko kazini, ijapokuwa amekaa kitandani kwake. Vilevile iandikwe ni nani atakayelipia intaneti, ambayo tangu Julai 2021 ilianza kutozwa ushuru wa asilimia 12. Gharama ya ofisi isihamishiwe kimyakimya katika mfuko wa mfanyakazi.

Sheria hiyo haiwahusu wanajeshi wa UPDF, isipokuwa watumishi raia wa jeshi hilo. Lakini inamhusu mke au mume wa mwanajeshi aliyeajiriwa na kampuni, na hapo ndipo jambo hili linapoingia katika nyumba ya askari. Amri ya uhamisho ikifika, askari hufunga mizigo. Mwenzi wake, aliyekwisha kuzoea kazi yake Arua, huacha ujira na kuanza upya ugenini, na nyumba hubaki na mshahara mmoja. Kampuni inayokubali kazi ya mbali huweza kumbakiza mtumishi hodari, na watoto wa askari wakaendelea kulipiwa karo.

Haki hiyo ina wajibu wake. Kompyuta yenye siri za wateja isiachwe mikononi mwa kila mpita njia, kwani Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na Faragha ya mwaka 2019 inamfunga kila anayezitunza. Na anayefanya kazi ndani ya nyumba za kambi aombe kwanza ruhusa ya mkuu wa kambi, wala asifungue kamera ikaonyesha kisichopasa kuonekana. Dirisha la nyumba ya kambi hutazama uwanja wa gwaride, si soko.

Kampuni ndogo za mpakani hazihitaji mitambo ya ajabu ili kuanza. Zinahitaji daftari la zamu lililoandikwa vizuri, mkataba ulio wazi, na meneja anayepima kazi iliyofanyika. Askari wa Vurra na Oraba wamekuwa wakiishi kwa utaratibu wa zamu miaka yote, na mpaka haujawahi kukosa mlinzi kwa sababu hiyo.